Shukrani ya Mama Sialo, Mwaka wa Kiangazi

"Sikusema nimechoka na wewe, Mama. Nimesema nimechoka na hiyo kitanda."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na barua mkononi, na yeye alikuwa amegeukia ukuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshaingia mpaka chini ya meza. Alikuwa ameniambia naitaka hiyo safari kwa sababu nimechoka kumwangalia. Hiyo haikuwa kweli, ama haikuwa kweli yote.

Barua ilitoka kwa Mama Sialo, wa Bisil. Kwa wasiomjua, Mama Sialo ni Mmaasai aliyekaa mlango wa pili na sisi hapa Kitengela miaka sita, wakati bwana yake alikuwa soja wa ploti, mlinzi wa hizi nyumba za kupanga. Yeye na Mama waliimba pamoja kwa kikundi cha akina mama kanisani. Mama ndiye alikuwa anaanzisha wimbo, Mama Sialo anaitikia na ile sauti yake ya kutoka kwa pua. Halafu wao wakarudi kwao. Baba yangu alipofariki, miezi nane sasa, Mama Sialo hakuja mazishi. Alituma pole kwa kondakta wa matatu, na Mama hajasahau.

Barua ilikuwa mistari mitatu. Jumapili nitatoa shukrani kanisani kwetu. Mama Wambui na watoto wako, njooni. Mkija mniletee katoni.

"Shukrani ya nini?" Mama aliuliza ukuta. "Kila mtu anajua huko ng'ombe zimeisha. Bwana yake amehama na zile zilibaki, hata hajulikani ako wapi. Hakuja tukizika baba yako. Sasa ananiita nikacheze?"

"Labda bwana yake amerudi."

"Angeandika."

"Labda mvua imenyesha huko."

"Wambui, hiyo mvua ingenyesha Bisil ikose Kitengela? Hao watu wanajidanganya. Mtu akipigwa sana anaanza kuimba ndio asisikie. Mimi nimekataa kujidanganya."

Mimi sipendi kukosa jibu. Kwa miezi nane nilikuwa nimejaribu kila kitu. Nilimsomea mistari ya Biblia. Nilimwitia pasta mara tatu. Siku moja nilimvuta blanketi, siku nyingine nikafunga chumba na kufuli akiwa chooni ili asirudi kulala, akakaa kwa mlango akilia mpaka nikaona haya nikafungua. Kiosk yetu nilikuwa naendesha mimi. Kuomba pia nilikuwa naomba mimi, lakini nilikuwa nimeanza kuomba kama mtu anaitika jina darasani, anasema niko halafu anaendelea na mambo yake.

Nikamwambia nitaenda peke yangu. Akageuka akaniangalia.

"Enda uone," akasema. "Lakini ukirudi uniambie venye uliona. Usiniletee mahubiri. Mahubiri nimeshiba."

Kwa hivyo yale nimeandika hapa ni yale niliona, bila kupamba.

Ijumaa asubuhi, Kitengela. Katoni nilipata kumi na nne, zingine za kiosk yetu na zingine za duka la jirani. Nikazikunja, nikazifunga na kamba ya katani. Niliongeza unga na majani ya chai. Mzee Abdi, Msomali anayenunua mifugo na ako na stoo nyuma ya kiosk yetu, alikuwa anaenda Bisil na lori tupu, na akasema nikae mbele. Mama hakutoka nje kuniaga. Aliniambia kupitia dirishani nisisahau sweta.

Tulishika barabara ya Isinya. Mimi nilikuwa nahesabu mizoga kando ya barabara, lakini baada ya Isinya nikaacha, kwa sababu zilikuwa nyingi na zingine zilikuwa zimebaki ngozi na mbavu tu, huwezi kujua kama hii ni moja ama ni mbili. Harufu inaingia hata ukifunga kioo. Nyasi hakuna. Ardhi ilikuwa nyeupe kama imepakwa majivu.

"Katoni ni za nini?" Mzee Abdi akauliza.

"Sijui. Ameitisha tu. Labda anataka kufunga vitu."

Akaniangalia kidogo, akarudisha macho barabarani. "Utajua," akasema.

Kajiado tulifika kama saa tano. Alisimamisha lori aongeze upepo kwa gurudumu, tukanywa chai kwa hoteli karibu na stendi. Nje kulikuwa na wazee wa Kimaasai wamesimama na ng'ombe zao, na hakuna mtu alikuwa anauliza bei. Ng'ombe zilikuwa zimesimama zikiegemeana. Nikamwambia Mzee Abdi kwamba naenda shukrani ya mtu amepoteza ng'ombe zote, na kwamba sielewi.

"Sisi mtu akiulizwa habari, anasema alhamdulillahi kwanza," akasema. "Halafu ndio anakuambia ngamia imekufa."

"Na anamaanisha?"

"Mara ingine anamaanisha. Mara ingine ni mdomo tu." Akamaliza chai. "Lakini ukiacha hata mdomo, utabaki na nini? Kunywa twende."

Sikuona kama hilo ni jibu. Nikaliweka tu.

Bisil, saa saba na nusu. Mama Sialo alikuwa ananingoja barabarani na punda. Nilimtambua na shanga, si uso. Alikuwa amekonda mpaka shingo ilikuwa imekuwa ndefu. Nikainamisha kichwa aniguse, venye alikuwa ametufundisha tukiwa watoto, akaweka mkono juu ya nywele zangu akaacha hapo muda.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaa, lugha yao.

"Iko," nikajibu.

Halafu akaona ule mzigo kwa lori. "Umeleta katoni," akasema, na akacheka kama mtu ameletewa mtoto. Alizishusha mwenyewe, akazipapasa moja moja, akazifunga kwa punda. Ni baada ya hapo tu ndio aliuliza Mama ako aje. Nikakasirika. Nikasema ako nyumbani. Sikusema zaidi.

Kutoka barabarani mpaka kwake ni kutembea saa moja na nusu. Boma ni ile ya miiba, nyumba mbili za udongo, na zizi ambalo nilidhani lina ng'ombe kwa sababu lilikuwa kubwa. Ndani kulikuwa na ng'ombe moja, imelala kwa ubavu. Inaitwa Naibor, maana yake ni nyeupe, lakini ilikuwa imekuwa rangi ya vumbi. Mama Sialo alirarua katoni mbili vipande vipande, akaziloweka kwa karai na maji ya chumvi, akakaa chini, akaanza kuilisha kwa mkono. Ng'ombe ikatafuna katoni. Kipande kimoja kilikuwa bado na picha ya sabuni.

"Walikuwa thelathini na mbili," akasema, bila kuniangalia. "Hii ni ya kwanza nilipewa nikiolewa, si hii yenyewe, mtoto wa mtoto wake. Baba Sialo alihama na tisa zenye zilikuwa na nguvu. Hii ilikataa kutembea."

"Sasa shukrani ni ya nini, Mama Sialo?"

"Kesho uamke mapema."

"Si uniambie tu sasa."

"Wambui. Wewe bado ni yule yule. Chai haijachemka umeshashika kikombe."

Jumamosi. Kukiwa bado na giza kidogo nikasikia watu wanaongea nje. Walikuwa wanawake tisa. Aliyekuwa mbele ni nyanya mmoja wanamwita Koko tu, mfupi, hana meno ya mbele, na alikuwa ameshika gunia kuukuu lililopasuliwa likafunguka kama shuka. Walisalimiana kama watu wamekuja kazi. Hakuna mtu alisema pole. Wakaingia kwa zizi.

Mama Sialo akanieleza haraka haraka. Kiangazi kama hiki ng'ombe ikilala usiku haiwezi kuamka yenyewe, miguu imeisha. Ikibaki chini siku nzima, inaoza ikiwa hai, inakufa. Lazima iinuliwe kila asubuhi. Na mtu wa boma moja hawezi kuinua, bwana hayuko, vijana wote wameenda na ng'ombe. Kwa hivyo wanawake wa kanisa wanazunguka boma kwa boma wakiinua.

Mimi nikaona kazi ni rahisi. Nikaenda mbele nikashika pembe mbili, nikavuta.

Koko alinipiga mkono na fimbo, si kwa nguvu.

"Huyu anataka kung'oa kichwa," akasema. "Ametoka wapi huyu?"

"Kitengela," mtu akajibu. "Amemaliza form four."

"Form four yote, na hajui ng'ombe inaamka aje."

Wakacheka wote, na Mama Sialo akacheka kuliko wote. Koko akanishika bega akanipeleka nyuma, akaniweka karibu na mkia. "Sikiza, mtoto. Ng'ombe inaamkia nyuma. Wewe inua hapa. Kichwa itajileta."

Wakapitisha gunia chini ya tumbo, wanne huku wanne kule. Mmoja akashika mkia pale unapoanzia, mimi nikaweka mikono chini ya nyonga. Ni mfupa mtupu. Halafu wakaanza kuimba. Ni wimbo wa kanisa wa Kimaa, huwa wanauimba hata huku Kitengela, na mwisho wa kila mstari wanavuta neno. Kwa hilo neno wote wakainua. Haikutoka. Mstari wa pili, neno, wote. Ikapanda kidogo ikaanguka. Mstari wa tatu nyuma ikasimama, ng'ombe ikabaki imepiga magoti mbele kama mtu anaomba, na tukaishikilia hapo, tukitetemeka pamoja na yeye, mpaka mguu mmoja wa mbele ukafunguka, na wa pili. Ikasimama. Ikanya kidogo kwa mguu wangu. Wakafurahi sana kwa hiyo, wakasema nimebarikiwa, na ukweli ni kwamba mimi pia nilicheka, ilikuwa muda mrefu sijacheka mpaka nikasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Tulienda boma zingine nne. Kwa ile ya tatu niliuliza kama wanaweza kuinua bila kuimba, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na nilidhani ingekuwa haraka. Koko akasema sawa, jaribuni bila. Wakajaribu. Mmoja akavuta mapema, mwingine akachelewa, gunia likateleza, ng'ombe ikalalia mkono wa mama mmoja. Wakamtoa, wakashika gunia upya. Wakaanza kuimba.

Baadaye tulienda maji, mimi na Mama Sialo na punda. Njiani nikamwuliza kile Mama hakuweza kuuliza kwa barua. Kwa nini hakuja tukizika Baba.

Akamsukuma punda mbele.

"Hiyo habari ilinipata nimelala," akasema. "Zilikuwa zimekufa kumi na moja kwa wiki moja. Baba Sialo ameenda. Nikaingia kwa nyumba nikasema sitoki. Sikuwa mgonjwa. Nilikaa miezi mbili. Kondakta alipiga kelele kutoka nje kwamba mzee wa Mama Wambui amekufa kwa barabara, nikasikia, na sikuinua hata kichwa. Nilimwambia tu aseme pole. Hiyo aibu niko nayo mpaka leo. Mwambie mama yako sikukosa nauli. Nilikosa miguu."

"Ulitoka aje?"

"Sikutoka. Walinitoa. Koko alikuja na wengine, asubuhi, baada ya ng'ombe. Hawakuniambia nisilie. Mmoja akanivalisha viatu, mwingine akanishika huku, tukaenda maji. Kesho yake tena. Mimi nilikuwa nimeomba Mungu anirudishie ng'ombe. Hakurudisha. Nikamwambia basi, kaa na ng'ombe zako. Lakini kila asubuhi nasikia hao wanakuja, wanagombana njiani, wanacheka. Siku moja nikajipata nimeamka kabla wafike, nangojea. Nikajua hapo ndipo Mungu alikuwa. Sikuwa nimemtafuta huko."

Akampiga punda.

"Hiyo ndiyo shukrani. Si ya ng'ombe."

Jumapili. Niliamka bila kuitwa. Nilitoka nje kabla ya Mama Sialo, nikaenda kwa zizi na vipande vya katoni, na nikajua kabla sijafika. Naibor alikuwa amenyoosha miguu yote minne na jicho lilikuwa wazi na vumbi ndani yake. Nikaweka karai chini. Nilifikiria niende kumwambia, halafu nikafikiria nisimwambie, halafu nikamwona amesimama nyuma yangu.

Alichuchumaa. Alifunga lile jicho na kidole, likafunguka tena, akalifunga tena. Akalia. Wale wengine wakafika wakiongea, wakaona, wakasimama. Hakuna mtu alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nangojea mtu aseme, nilikuwa nimeshakasirika tayari, na hakuna mtu alisema. Koko alikaa chini kando yake kwa mavi makavu na akanyoosha miguu, kama mtu hana haraka ya kwenda popote.

Kusema kweli nilifikiria Mama. Nilifikiria, nitamwambia nini sasa. Kama hii ng'ombe ingesimama ningekuwa na kitu cha kupeleka nyumbani. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani, ng'ombe imesimama, Mama anasikiliza, Mama anaamka. Sasa nitarudi na mzoga, na Mama atasema si nilikuambia.

Mama Sialo akajifuta na shuka. Akachukua gunia kutoka kwa mkono wa Koko.

"Ya Mama Leyian bado iko hai," akasema. "Twende."

Nikamshika mkono. "Si ukae leo. Wao wataenda."

"Nikikaa nitalala," akasema. Alisema tu hivyo, kama mtu anasema nikinywa maziwa baridi nitakohoa.

Kwa boma ya Mama Leyian, moja ya zile nne za jana, ni Mama Sialo mwenyewe alianzisha wimbo. Sauti ilikatika mstari wa kwanza. Nilidhani mtu mwingine atauchukua, huku kwetu mtu akishindwa mwingine anachukua mara moja, tena kwa sauti ya juu. Hao hawakuchukua. Walinyamaza wameshika gunia, wakangoja pale pale sauti ilikatikia, mpaka akapata pumzi akaendelea. Ikakatika tena. Wakangoja tena. Hiyo ng'ombe ilisimama kwa mstari wa sita. Mimi nilikuwa kwa nyonga, nilianzia nyuma bila kuambiwa.

Kanisa lao ni la mabati, viti ni mbao juu ya mawe. Tulifika tumechelewa, na mavi kwa sketi. Mwinjilisti alikuwa ameshasikia habari ya Naibor, na akamwuliza Mama Sialo kwa sauti ya chini kama angependa tuahirishe shukrani mpaka mwezi ujao. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Mwezi ujao nitakuwa nimepata nini?" akamjibu.

Wakati wa kutoa shukrani huwa mtu anapeleka kitu mbele, kuku ama mayai ama maziwa, na huwa kinanadiwa. Yeye alipeleka lile gunia. Alilikunja vizuri akaliweka chini ya meza ya Bwana. Mwinjilisti akaliangalia, hakujua afanye nini nalo.

"Usinadi," Koko akasema kutoka kwa kiti chake. "Tunalihitaji kesho."

Kanisa lote likacheka, na hapo Mama Sialo akaanza kucheza. Sikuwa nimejua kama mtu anaweza kucheza siku hiyo. Alicheza ile ya Kimaasai ya mabega, shanga zinaruka, uso bado umevimba kwa kulia. Sikuona kama anajidanganya. Nilimwangalia sana, kwa sababu hiyo ndiyo kazi nilikuwa nimetumwa. Mtu anayejidanganya huwa anaangalia pembeni. Yeye alikuwa anamwangalia kila mtu usoni, mmoja mmoja, wale wote walikuwa wamekuja asubuhi.

Halafu wakaniambia nisalimie kanisa. Nikasimama nikasema Bwana asifiwe, nikasema jina langu, nikasema Mama anawasalimia.

"Kwa nini yeye hajakuja?" Koko akauliza.

Ningesema ako na kazi. Ningesema kiosk haiwezi kuachwa. Lakini nilikuwa nimechoka na nilikuwa na mavi kwa sketi.

"Tangu Baba afe, amelala," nikasema. "Haamki."

"Miezi ngapi?"

"Nane."

Wanawake wakatoa ile sauti ya mdomo ya kusikitika. Koko akaegemea fimbo yake.

"Na nani anamwinua?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

 Nikafikiria kikundi cha akina mama hapa Kitengela. Walikuja siku ya arobaini ya Baba na mikate na soda, wakaimba, wakaenda. Baadaye wakaanza kuuliza Mama atarudi lini, na mimi nikawaambia wasimsumbue, nitamshughulikia mwenyewe.

"Mimi tu," nikasema.

"Mtu mmoja hainui hata ndama," Koko akasema. Hakusema kwa ubaya. Halafu akakumbuka Jumamosi, nikaona anatabasamu na hizo fizi. "Na wewe ukimfikia, najua unashika pembe."

Wakacheka tena, na mimi nikakaa chini.

Jumatatu, kurudi. Mama Sialo alinisindikiza mpaka barabarani. Alinipa kibuyu kitupu nimpelekee Mama, akasema kikipata maziwa kitaenda na maziwa. Katoni zilizobaki alikuwa amempelekea Mama Leyian. Mzee Abdi alikuwa anangoja na lori, sasa lina ng'ombe kumi hivi ndani, mbavu nje. Akaniuliza kama nimejua kazi ya katoni. Nikasema nimejua. Tukafika Kajiado. Hapo moja ya ng'ombe ilikuwa imelala ndani ya lori, na wapakiaji wawili wakapanda wakaanza kuivuta na pembe. Nikapanda na mimi. Nikawaambia waanzie nyuma. Mmoja akaniuliza mimi ni nani, Mzee Abdi akawaambia wanisikilize.

Kitengela, saa kumi jioni. Mama alikuwa kitandani, lakini alikuwa amekaa, ameegemea ukuta. Nilimpa kibuyu. Akakishika kwa magoti.

"Haya," akasema. "Sema."

Nikamwambia kila kitu kwa mpango, kama hapa. Katoni. Pembe. Miezi mbili ya Mama Sialo ndani ya nyumba. Nilipofika hapo pa kondakta, na kwamba alikosa miguu, Mama alifunga macho na akakaa hivyo. Nikaendelea. Nilipofika Jumapili asubuhi nikataka kuruka, lakini nilikuwa nimeambiwa nisipambe.

"Ilikufa?"

"Ilikufa."

"Na bado wakatoa shukrani."

"Walitoa."

Nilingoja aseme si nilikuambia. Alizungusha kibuyu mkononi, akanusa mdomo wa hicho kibuyu, kinanuka moshi kama vibuyu vyote vya Kimaasai.

"Nani alianzisha wimbo?" akauliza.

"Yeye. Na ile sauti yake."

"Ya pua."

"Ilikatika mara mbili. Walimngoja."

 Mama alilala akageukia ukuta, lakini kibuyu hakuniachia, alilala nacho.

Zamani ningemvuta. Leo nilitoka nikafunga mlango pole pole, nikaenda kwa Mama Njeri na kwa Mama Mutua, wa kikundi chake. Niliwaomba msamaha kwanza, kwa kuwafukuza. Mama Njeri akauliza walete nini, mkate ama nini, na pasta aitwe. Nikasema wasilete kitu na pasta asiitwe. Waje tu kesho, na kesho kutwa waje, na siku ingine.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi wakifika, maji yatakuwa yamepata moto. Sitamsomea chochote. Sitashika blanketi. Nitapiga magoti upande wa chini wa kitanda, nimwoshe miguu, nimvalishe viatu, na hao wawili watamshika huku na huku. Wimbo nitaanzisha mimi, ule anaujua zaidi, na nikifika mahali pake pa kuanzisha mstari nitanyamaza nimngoje.